Siku Nilipofuta Majina ya Kliniki

Wenzangu wa chumba cha kompyuta,

Siku mliyoniaga mlinipa kipaza sauti, nami nikasema asanteni, Mungu awabariki, nikakaa. Baadaye mmoja wenu akaniambia kwamba mlitegemea zaidi kutoka kwa mtu aliyekuwepo tangu mashine zinaletwa ndani ya maboksi, kila boksi na karatasi ya maelekezo ambayo hakuna aliyeielewa. Alikuwa na haki. Ila mimi sijawahi kuweza kusema jambo la maana nikiwa nimesimama mbele ya watu. Sasa niko nyumbani Kiruruma, kahawa imekwisha kuvunwa, na meza ninayo. Kwa hiyo naandika.

Vyeo walivyo navyo watu leo sitaviandika. Hospitali yenyewe mnaijua, nami sitaitaja jina, kwa sababu baadhi ya waliokuwepo bado wanaingia pale kila asubuhi.

Nilianza kazi kama mpiga chapa wa masjala. Kompyuta za kwanza zilipofika, walikuja nazo vijana wawili kutoka mjini. Wakazifunga kwa siku moja, wakatufundisha kwa nusu siku, wakaondoka. Uongozi ukauliza nani atazitunza. Mimi nilijua kupiga chapa, na Mzee Rwekaza alijua kutengeneza redio, basi tukateuliwa wawili. Hivyo ndivyo idara yenu ilivyozaliwa. Mmoja alijua vitufe, mwingine alijua nyaya.

Mzee Rwekaza alikuwa mtu wa Kaisho, mrefu, asiyependa maneno mengi. Kabla ya kompyuta alikuwa anatengeneza redio ya mawasiliano, majokofu ya chanjo na ile mashine ya kuchemshia vyombo vya upasuaji. Siku ya kwanza nilimkuta amekaa mbele ya kompyuta moja kama mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Fungua," akasema, akanipa bisibisi.

Nikafungua kasha. Nilikwenda taratibu, maana tulikuwa tumeambiwa ni vitu ghali.

"Unaona nini?"

"Sijui majina yake, Mzee."

"Sikukuuliza majina."

Nikamwambia naona feni, naona nyaya za rangi nne, na naona vumbi jekundu, ingawa mashine ilikuwa na miezi miwili tu.

"Basi ugonjwa umeshauona," akasema. "Hilo vumbi litakupa kazi mpaka ustaafu."

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Brashi ya kupakia rangi, bisibisi tatu, kifutio cha penseli cha kusugulia miguu ya kadi za ndani ya mashine zilizopata kutu, na pampu ya baiskeli ya kupulizia vumbi. Pampu hiyo Mzee aliitoa kwenye baiskeli yake mwenyewe, na ndiyo maana wakati mwingine watu walimwona mzee mzima anaikokota baiskeli kutoka barabara kuu. Nimewahi kutumia vifaa vya bei kubwa baadaye. Sikuona kilichoishinda brashi ile.

Lazima niseme jambo kuhusu lugha, maana ndilo linalonifanya niandike. Wengi wetu Kiswahili tumekikuta shuleni. Nyumbani ni Kinyambo au Kihaya, na Kiswahili tunakivaa kama nguo ya kanisani, kinatubana hapa na pale. Mzee alikuwa na tabia ya kuangusha herufi za mwanzo. Siku moja aliwapigia simu ya ndani watu wa stoo ya dawa, akapokea Konsolata. Mzee alitaka kujua kama kompyuta yao ni nzima, maana umeme ulikuwa umeyumba asubuhi. Akauliza, "Mashine zima?"

Baada ya dakika mbili Konsolata akatokea mlangoni kwetu, mikono kiunoni.

"Nimezima, Mzee. Sasa?"

"Kwa nini umezima?"

"Si umesema zima."

"Nimeuliza."

"Hukuuliza. Umeamuru."

Mzee akafikiri. "Kwani ilikuwa inafanya kazi?"

"Ilikuwa inafanya," akasema Konsolata, "mpaka uliponipigia."

Alikuwa ameandika orodha ya dawa tangu saa mbili na hakuwa ameihifadhi. Aliiandika upya siku nzima, na kila tulipopita dirishani kwake alikuwa anatuangalia bila kupepesa.

Msije mkadhani nilikuwa bora kuliko yeye. Mimi ndiye niliyewapigia simu wodi ya wazazi na kumwambia muuguzi, "Mashine yenu ina virusi. Msiiguse, na kitu chochote kilichochomekwa hapo msikipeleke wodi nyingine." Kisha nikaenda kunywa chai. Niliporudi nikakuta kompyuta iko nje barazani, imezungushiwa nailoni, na wauguzi wawili wamesimama kando yake na glovu na barakoa. Kibodi ilikuwa imesuguliwa kwa klorini mpaka herufi zimefifia. Matroni Leokadia, muuguzi mkuu wetu, alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Ni virusi gani, Mama Asiimwe?"

"Vya kompyuta, Matroni."

"Vinaambukiza?"

"Kompyuta kwa kompyuta."

Alivua glovu ya kwanza, akavua ya pili, akazikunja vizuri. "Tupo karibu na mpaka, na magonjwa ya ng'ambo tunayajua," akasema. "Hapa hospitali neno hilo halisemwi kwa simu halafu mtu akaenda kunywa chai."

Alikuwa amefanya kila kitu kama alivyofundishwa, na kama ingekuwa virusi vingine angekuwa ameokoa watu. Tukakubaliana mimi na Mzee kwamba tangu siku hiyo tutasema mashine ina wadudu. Wiki hiyohiyo mtu wa usafi akaipulizia mojawapo dawa ya mbu.

Hayo nimeyaandika kwanza ili mjue kwamba tulikuwa tumeonywa. Tulicheka, na tulipomaliza kucheka hatukubadilisha chochote.

Sasa kliniki ya kifua kikuu. Karani wake alikuwa Projestus, kijana wa Bugomora, mpole, mwandiko wake kama wa kitabu. Mgonjwa wa kifua kikuu hunywa vidonge miezi mingi, na baada ya miezi miwili ya kwanza wengi hujisikia wamepona na kutaka kuacha. Wakiacha, ugonjwa hurudi ukiwa mkali zaidi. Kwa hiyo kazi ya Projestus haikuwa kuandika tu. Kila mgonjwa alikuwa na tarehe yake ya kurudi kuchukua dawa. Tarehe ikipita na mgonjwa hajaonekana, Projestus alipanda baiskeli akamfuata kwao ndani ya siku tatu. Zamani majina na tarehe hizo zilikuwa kwenye kitabu kikubwa. Ilipokuja kompyuta, mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia aache kitabu, kwamba kuandika mara mbili ni kupoteza muda. Akaniamini. Miezi minne majina mapya yakawa kwenye mashine peke yake.

Mashine hiyo ikaanza kujizima. Mzee alikuwa Bugomora, ametumwa kutengeneza umeme wa jua wa zahanati. Simu za mkononi zilikuwa ndiyo zimeingia, na kule ili upate mtandao ilibidi upande kilima, na hata ukiupata mara nyingi ulikuwa wa nchi jirani. Akanipigia kutoka huko, upepo unavuma kwenye simu.

"Ile mashine ya TB bado inajizima?"

"Inajizima, Mzee. Leo mara tatu."

"Ifute. Yote, mpaka ndani. Ukimaliza warudishie wenyewe."

"Yote kabisa?"

"Yote. Usiache kitu."

Nilitaka kumuuliza jambo lingine, simu ikakatika. Nikajaribu kumpigia, akajibu mwanamke kwa lugha ya ng'ambo kwamba hapatikani, au nadhani ndivyo alivyosema.

Wiki mbili kabla ya hapo Mzee alikuwa amenifundisha kufuta diski na kupanga programu upya. Nilikuwa nimefanya mara moja tu, yeye akiwa ameniegemea begani, na nilikuwa natamani kufanya peke yangu. Maana nyingine ya neno kufuta, ile ya meza na viti, ile ambayo nimeitumia tangu utotoni, haikunijia kabisa.

Hata hivyo niliuliza. Nataka mjue kwamba niliuliza. Nilimwambia Projestus, "Nataka kuifuta mashine yako. Nakala unazo?"

"Ninazo," akasema. "Ziko kwenye faili, zote."

Nikaichukua. Asubuhi nzima nilifuta, nikapanga programu moja baada ya nyingine, nikaandika kwenye daftari kila hatua kama Mzee alivyotaka. Saa nane nikairudisha kliniki nikiwa na furaha ya mtu aliyetoka kufaulu mtihani. Projestus akaiwasha. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Kisha akanigeukia.

"Watu wangu wako wapi?"

"Utawarudisha kutoka kwenye nakala."

"Nakala ipi?"

"Si umesema unazo kwenye faili?"

Akafungua kabati, akatoa faili la kijani, akaniwekea mezani. Zilikuwa nakala za taarifa za robo mwaka, zile anazopeleka ngazi ya juu. Wanaume wangapi, wanawake wangapi, watoto wangapi. Hapakuwa na jina hata moja. Tulikaa pale tukiziangalia. Nje watu walikuwa kwenye benchi wanakohoa, na mmoja akachungulia kuuliza kama tumefunga.

Mzee alirudi kesho yake asubuhi kwa pikipiki ya kukodi. Nilikuwa sijamwambia neno kwa sababu simu haikumpata. Akaingia kliniki, akaona sisi wawili tumekaa, akaifungua mashine kwa mazoea tu ili aone kazi yangu. Ndani vumbi lilikuwa limelala kama blanketi, feni imeshikwa haizunguki vizuri.

"Hukufuta," akasema.

"Nilifuta, Mzee."

Akaliangalia lile vumbi. Akakiangalia kioo cha kompyuta. Akaniangalia mimi. Alielewa kabla yangu, nami nilielewa kwa kuiona sura yake. Alikaa chini kwenye sakafu, mzee yule, mgongo ukutani.

Siku mbili alihangaika na diski ile. Alipiga simu kwa mafundi wa mjini, wakamwambia kwamba kwa kuwa programu mpya zimeandikwa juu yake, asipoteze muda. Siku ya tatu tukaitwa kwa Daktari, mganga mkuu wa hospitali. Hakuwa mtu wa kufoka, na siku ile ningependelea afoke.

"Nani alifuta?" akauliza.

Mzee akasema kabla sijafungua mdomo, "Mimi ndiye niliyeagiza ifutwe."

"Ulimwagiza afute mashine yenye majina ya wagonjwa?"

"Nilimwagiza aifute yote, mpaka ndani. Hayo ndiyo maneno niliyosema."

Daktari akanigeukia. "Ndivyo?"

Nilikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio cha kazi ile mpya. Nilikuwa na watoto wawili, na nafasi yangu masjala ilikuwa imeshapewa mtu mwingine. Nikasema, "Ndivyo." Neno lenyewe halikuwa uongo. Lakini sikuongeza neno vumbi, na neno vumbi lingebadilisha kila kitu. Mzee alipewa barua ya onyo ikiwa imebaki miaka michache astaafu. Aliikunja akaiweka mfukoni mwa shati, na tukatoka pamoja.

Zile takwimu za Projestus zilitusaidia jambo moja tu. Zilituonyesha kwamba tunatafuta watu thelathini na wanane. Wenye kadi zao walikuwa wakija wenyewe tarehe zao zinapofika, nasi tukiwaandika upya, kitabuni safari hii. Lakini waliokuwa wanakuja wenyewe hawakuwa shida. Orodha ile iliwekwa kwa ajili ya wasiokuja, na hao ndio tuliokuwa hatuna tena njia ya kuwajua.

Hapo ndipo nilipomjua Projestus. Alikaa na karatasi tupu, akafumba macho, akaanza kuwataja. Majina kamili hakuyakumbuka yote, ila watu aliwakumbuka. "Yule mwenye koti la kijani, anakaa nyuma ya kanisa. Yule binti anayekuja na bibi yake, bibi ndiye anayejibu kila swali. Yule mfugaji, anakohoa akiwa ameshika kofia." Mimi nikawa naandika. Tukafikisha thelathini na sita siku ya kwanza. Wa thelathini na saba alimkumbuka katikati ya ibada Jumapili, akatoka kanisani akaja kunigongea.

Daktari alitupa pikipiki moja na wiki tatu. Projestus anaendesha, mimi nyuma na kitabu mapajani. Hatukuweza kuuliza njiani, mwenye kifua kikuu anakaa wapi, maana ugonjwa huo watu wanauficha. Tulikuwa tunasema tunarekebisha kadi za hospitali. Wengine walitupokea vizuri, wengine walituona ni watu wa ajabu. Yule mfugaji tulimkuta kwenye nyika na ng'ombe wake, mbali na nyumba yoyote. Kweli alikuwa ameacha dawa. Alisikiliza maelezo yetu yote akiwa ameegemea fimbo.

"Kwa hiyo mashine imenisahau," akasema.

"Imekusahau, Mzee."

"Mimi nina ng'ombe wengi. Kila mmoja namjua kwa jina, na sina mashine." Kisha akakubali kuja kesho yake, akaja.

Mwisho akabaki mmoja, wa thelathini na nane, mwanamke wa Kaisho. Projestus alimkumbuka kwa jambo moja, kwamba ana mapacha, na kwamba alikuwa akiitwa Mama Kato. Nyinyi mnaijua nchi hii. Kila mwenye mapacha huku ni Mama Kato. Tulionyeshwa wa kwanza, alikuwa bibi wa miaka sabini. Wa pili alikuwa mzima kama chuma, akatupa ndizi za kuchoma na kutuuliza serikali inagawa nini kwa wenye mapacha. Wa tatu alikuwa amehama. Siku ya pili tukaelekezwa kwa wa nne, kibanja kilichoko mwisho wa njia, migomba imefunga mpaka hauoni nyumba.

Mama mkwe wake alikuwa uani anaanika maharage. Tulipomsalimu hakuinuka.

"Mmechelewa," akasema.

Nikakifunga kitabu. Lakini alituonyesha mlango kwa kidole, tukaingia. Mama Kato alikuwa amelala kwenye mkeka, amekonda mpaka nikadhani ni mtoto kajifunika. Alipomwona Projestus alitabasamu.

"Niliwaambia hawa wasihangaike kutafuta watu wa kunibeba," akasema, na kila maneno matatu alipumzika. "Nikasema siku ikipita, karani anakuja. Kila mtu siku yake ikipita, anamfuata. Nikasubiri."

Tarehe yake ilikuwa imepita siku kumi na tisa. Alikuwa na homa, miguu imevimba, asingeweza kutembea hata mpaka barabarani. Projestus alitoka nje akasimama kwenye migomba, ametugeuzia mgongo, na mimi nikabaki ndani nimeshika kile kitabu. Majirani wakaleta machela, wanaume wanne wakambeba mpaka kwenye barabara, na gari la hospitali likamchukua pale.

Alilazwa muda mrefu. Alipona. Naliandika neno hili moja taratibu, kwa sababu kuna wiki ambazo hatukuwa na hakika ya kulisema.

Siku ya pili baada ya kumleta nilikwenda kwa Daktari. Nilimkuta na Mzee Rwekaza, wanazungumza kuhusu jenereta. Nikasema nimekuja kueleza jambo, na Mzee abaki. Nikasema Mzee aliagiza nifute vumbi, mimi nikafuta diski, na siku ile niliposema ndivyo nilikuwa naogopa kazi yangu.

Daktari akamgeukia Mzee. "Ni kweli ulisema vumbi?"

"Hapana," akasema Mzee. "Neno vumbi sikulitaja."

"Lakini ndilo ulilokusudia."

"Daktari uliniuliza nilichosema."

Daktari alituangalia wote wawili kwa muda, kama mtu anayejaribu kujua kati ya wagonjwa hawa wawili nani ameambukiza mwenzake. Jioni nikapata barua ya onyo. Projestus naye aliposikia akaenda mwenyewe kueleza habari ya nakala, akapata yake. Kosa moja likawa na barua tatu, na mtu wa masjala aliyekuwa amechukua nafasi yangu ndiye aliyezipiga chapa zote.

Nilitegemea Mzee atanisamehe. Lakini karibu mwaka mzima alizungumza nami habari za kazi tu. Leta bisibisi, shika hapa, washa. Nilijua sababu, au nilidhani naijua. Nilinyamaza siku ya kwanza mtu alipokuwa anaadhibiwa kwa ajili yangu, na kusema baadaye hakufuti hilo.

Hata hivyo ndani ya mwaka huo ndipo alipoanzisha lile sharti ambalo nyinyi mmelikuta na kulichukia. Akikupa kazi, hukuruhusiwa kuondoka mpaka umemwambia utafanya nini, kwa maneno yako mwenyewe, na ilikuwa marufuku kutumia neno alilotumia yeye. Akisema futa, ulitakiwa kusema napangusa vumbi kwa brashi, au naondoa majina yote yaliyomo. Nami nikaliendeleza, na najua mlikuwa mnaniigiza nikiwa nje ya chumba. Mmoja wenu anaigiza vizuri sana, hasa ile sehemu ya kuvua miwani. Na kitabu cha karatasi cha kliniki, ambacho kila mkaguzi kijana akija anauliza kwa nini bado kipo, kipo kwa sababu ya wiki tatu nilizokaa nyuma ya pikipiki. Mnaweza kukiondoa mkitaka. Sasa majina yapo sehemu tatu na mtandao wenu unajihifadhi wenyewe. Ila mwondoaji akakae kwanza asubuhi moja kwenye lile benchi la kliniki.

Mzee alistaafu, nikabaki na idara. Projestus alihamia hospitali nyingine, na bado ananipigia kila sikukuu. Miaka ikaenda kwa kazi ambazo mnazijua, za printa zinazokula karatasi, radi za mwezi wa nne, wakubwa wanaosahau nywila na kudai wameibiwa. Sina la kuongeza hapo.

Mwaka jana, nilipojua nami nakaribia kuondoka, nilikwenda Kaisho kumsalimu Mzee. Amezeeka sana, sikio moja halisikii, lakini bado anakaa wima. Mke wake akatutolea viti nje karibu na kahawa. Tulizungumza habari za watoto, za mvua, za waliotangulia. Kisha nikasema nililokuja kusema.

"Mzee, sijawahi kukushukuru kwa siku ile mbele ya Daktari."

"Siku ipi?"

Nikamkumbusha. Ilibidi niinamie sikio lake zima na kusema kwa sauti, kwa hiyo nadhani na majirani walisikia. "Ulinikinga. Ulibeba kosa langu."

Aliniangalia kama anayejaribu kukumbuka mimi ni nani. "Nilikukinga na nini?"

"Na barua, Mzee. Na kufukuzwa."

"Mimi nilisema yaliyotokea," akasema. "Nilikupigia simu kwenye upepo. Nikasema neno lenye njia mbili, na njia ya pili nilikuwa nimekufundisha mwenyewe wiki mbili kabla. Nilijua kichwani mwako kuna nini. Kosa lilikuwa la kwangu, nikalisema. Halafu wewe ukaja kwa Daktari kusema ni la kwako." Akatikisa kichwa. "Nikaona unanionea huruma kwa sababu ya umri wangu. Unataka watu waseme mzee alisema vizuri, ila masikini hakueleweka. Nilikasirika sana."

"Ulikasirika kwa sababu hiyo?"

"Karibu mwaka."

Mwaka ule wote tulikaa meza moja, kila mtu na bisibisi yake, mimi naona aibu kwa kunyamaza kwangu, yeye anaona aibu kwa kutetewa. Hakuna aliyemwomba mwenzake aseme kwa maneno mengine. Nikamwambia hivyo. Akafikiri, kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikaona anacheka, na sijawahi kumwona mzee yule akicheka mpaka machozi. Nami nikacheka, kisha nikagundua kwamba kwangu machozi yalikuwa ya aina nyingine, naye akaona, akanipa leso yake.

Mke wake akatoka na sinia la ndizi na maharage, akatukuta hivyo. Akauliza kuna nini.

"Kazi," akasema Mzee. "Tunazungumza mambo ya kazi."

Akasogeza kiti ili mama apate nafasi ya kukaa, tukanawa mikono.